Siku Tuliyotaka Kuitoa Sauti ya Gitaa

Msimu wa korosho ukifika, huwa nakwepa kupita karibu na ghala la ushirika hapa Masasi. Sikwepi malori wala vumbi, nakwepa harufu. Gunia jipya la katani likijazwa korosho ghafi hutoa harufu kali yenye mafuta mafuta, kama kamba mpya iliyolowekwa kwenye dawa ya viatu. Juzi nilijisahau, nikapita. Mpakuzi mmoja akalibwaga gunia chini, nalo likashusha pumzi, puu, na mimi, mama mtu mzima mwenye mfuko wa nyanya mkononi, nikasimama katikati ya njia nacheka peke yangu. Bodaboda alinipigia honi mara tatu, kisha akanizunguka huku akinitazama kwa huruma.

Nilikuwa nimerudi Newala, ndani ya stoo yetu, nyuma ya magunia, nimeziba mdomo kwa mkono.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba na mpole, asiyepandisha sauti hata darasani. Nyumbani kwetu palikuwa na gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme, la rangi ya asali, lenye ufa tumboni uliozibwa kwa gundi ya seremala. Lakini halikuwa lake. Lilikuwa la marehemu Mwalimu Lameki, mume wa dada yake mkubwa, Shangazi Hilda wa Chidya. Mwalimu Lameki alipofariki, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, shangazi alimkabidhi baba gitaa lile akisema hawezi kuliona mbele ya macho yake. Baba alilipokea kwa mikono miwili, akalitundika sebuleni kwenye msumari, na kila alipotoka shule alilishusha, akakaa, akalikwangua nyuzi kwa kibanzi cha plastiki alichokikata kwenye dumu la mafuta ya kula.

Kwangu mimi gitaa lile lilikuwa mtu wa nyumbani. Kila asubuhi nililiamkia. Nilisema, "Shikamoo," nikagusa uzi mnene kwa kidole, nalo likajibu, "Mmmm." Niliihesabu kuwa marahaba.

Siku moja mtu aliyetoka Chidya akaleta ujumbe: Shangazi Hilda anakuja Jumamosi, anataka gitaa lake. Hakueleza zaidi. Sisi sote tukaelewa kuwa ni kwa ajili ya mwanawe, Festo, aliyekuwa anajiandaa kwenda chuo cha ualimu. Baba alikula ugali wake wa muhogo hadi sahani ikabaki nyeupe, akanawa, akafuta mikono taratibu, kisha akamwambia mama:

"Basi kabla halijaondoka nitaitoa sauti yake, niiweke kwenye kanda. Mwili uende, sauti ibaki."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka minane na nilijua mambo. Nilishakamua nazi mara nyingi. Tui likishatoka, kinachobaki kwenye kifumbu ni machicha, na machicha hupewa kuku. Sasa baba yangu mpole, mbele ya mama na bila aibu, alikuwa anapanga kulikamua gitaa na kumkabidhi dada yake machicha.

Usiku ule sikulala vizuri. Kulipokucha nililiamkia kama kawaida, nikaongeza, "Jihadhari."

Redio yetu ya kanda ilikuwa na tundu la kuchomekea maiki, moja tu. Maiki yenyewe hatukuwa nayo. Mama, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, akaazima ya kanisani: rungu la chuma lenye kichwa cha wavu kilichobonyea upande mmoja kama bibo lililokanyagwa. Jumatano baada ya shule baba aliifunga kwenye mwiko, mwiko akaufunga kwenye kiti kwa mpira wa baiskeli, akakisogeza kiti mpaka maiki ikawa inachungulia lile tundu la katikati ya gitaa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: sauti inatokea tunduni, basi tuingojee mlangoni.

Alipiga, akarudisha utepe, tukasikiliza.

"Baba Agnesi," mama aliuliza kutoka jikoni, "hilo ni gitaa au ni lori la mchanga linapanda mlima?"

Kweli, ilikuwa ni ngurumo tupu. Baba akasogeza kiti nyuma hadi karibu na mlango. Safari hii tulisikia jogoo wa jirani, tulisikia mama akikohoa kwa moshi, tulisikia bati letu likijinyoosha kwa jua, na mbali sana, kama mtu aliyezikwa, gitaa. Akajaribu kuiweka juu, chini, na ubavuni. Mama akatoka na upawa mkononi, akasema maiki ile imezoea waimbaji wa kwaya yake, na waimbaji wake huimeza. Kitu kisichoimeza haikisikii.

Nilifurahi kupita kiasi. Niliamini gitaa limeshinda.

Lakini nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Mzee Bakari, muadhini, na hakuna mtu Newala nzima aliyezijua maiki kuliko yeye. Alizijua kama wengine wanavyojua mbuzi. Alhamisi, tulipotoka shule baada ya sala ya adhuhuri, naye akiwa amesikia taabu yetu, alikuja mwenyewe na maiki ya msikiti, ameiviringisha kwenye leso safi, ameikumbatia kama kifaranga.

"Shikamoo mzee," tukasema kwa pamoja mlangoni.

"Marahaba. Mwalimu, hii lazima irudi kabla ya alasiri. Isiporudi, nitapanda juu ya paa niite kwa mdomo, na watu watauliza kwa nini, nami sitasema uongo."

Baba akaapa. Mzee Bakari alikaa sebuleni, akapiga kofi moja, akainamisha kichwa kusikiliza, akatikisa kichwa. Akaenda chumbani, akapiga kofi, akatikisa kichwa. Mama alimtazama mzee wa watu akizunguka nyumba yake akipiga makofi. Mwisho mzee akafungua mlango wa stoo. Ilikuwa imejaa magunia ya korosho mpaka karibu na dari, yetu na ya majirani wawili, yakingoja siku ya mnada. Akapiga kofi. Kofi likafia palepale, kama limeangukia godoro.

"Hapa," alisema. "Sebuleni kwako sauti inagonga bati, inagonga sakafu, inarudi imechoka. Humu ikishatoka, imetoka."

Imetoka!

Baba akakaa juu ya kigoda kati ya magunia, gitaa mapajani. Mzee Bakari akamweleza kuwa maiki hii si kama ile ya kanisa. Ile ni kiziwi kidogo, inahitaji kupigiwa kelele mdomoni. Hii yake inasikia mpaka mtu anayefikiria. Ndiyo maana inahitaji mahali patulivu, na ndiyo maana haitaki kusogelewa sana. "Maiki ni mgeni, Mwalimu. Ukimkalia puani hakwambii kitu cha maana." Kisha akaniangalia mimi.

"Nipe huyu mtoto. Agnesi, ziba sikio moja. Hilo jingine litembeze kuzunguka gitaa la baba, polepole, kama mtu anayenusa vyungu vya jirani. Utakaposikia utamu, sema. Hapo ndipo pa kuiweka."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuonyesha mlango.

Baba akaanza kupiga, mimi nikainama, nikazunguka. Mbele ya tundu palikuwa pananguruma. Karibu na mkono wake wa kulia palikuwa pana kelele za kile kibanzi cha dumu, kwaru kwaru. Halafu nikafika pale shingo inapoungana na tumbo, kama shibiri mbili kutoka kwenye nyuzi, na, jamani, kila uzi ulijitokeza peke yake, mnene na mwembamba, kama watoto wanaoitikia majina darasani. Mpaka leo sijasikia kitu kitamu kama kile. Nywele zilinisimama.

Nikapapita pale kwa uso mkavu. Nikaendelea kuzunguka mpaka nyuma kabisa, nikapiga magoti chini karibu na kiuno cha baba, nikasema, "Hapa."

"Hapo?" baba alishangaa.

"Hapahapa. Pana utamu mwingi."

Watu wazima wawili wakaniamini. Waliiweka maiki nyuma ya baba, wakarekodi, wakasikiliza. Kilichotoka ni kifungo cha shati kikikwaruza ubao, na tumbo la baba likilalamikia ming'oko aliyokula mchana.

Mzee Bakari alivua kofia, akaivaa tena. "Mwalimu," alisema kwa upole, "huyu mtoto ana sikio la kufa."

Nililibeba tusi lile kifuani kama nishani. Lakini halikusaidia kitu, maana mzee aliziba sikio lake mwenyewe, akainama kwa shida akishika kiuno, na kwa hatua tatu akafika palepale nilipopaficha. Akatabasamu na kufumba macho. Baba akaweka kigoda cha pili, juu yake vitabu viwili, juu ya vitabu akakunja kitenge cha mama ili vishindo vya nyayo visipande kutoka sakafuni, na juu ya kitenge akailaza maiki. Mzee akatoka kwenda kufukuza kuku na kumwomba mama aache kutwanga. Mimi niliambiwa nitoke pia.

Nilitoka, ndiyo. Baba alipoinama kuchomeka waya, nikarudi, nikajipenyeza nyuma ya magunia, nikakaa penye upenyo ambao ningeweza kuigusa maiki kwa kunyoosha mkono. Nikamwona akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, chenye alama nyekundu na mwenzake, kwa maana bila chekundu redio haishiki kitu. Utepe ukaanza kuzunguka.

Alipiga ule wimbo wa Mwalimu Lameki, usio na maneno, aliokuwa akiupiga tangu nipate akili. Mimi nikausogeza mdomo kwenye upenyo, nikanong'ona kwa huruma yangu yote:

"Usitoke. Usikubali. Kaa humohumo."

Nikarudia kila niliposikia anavuta pumzi. Alipomaliza, alisikiliza mwanzo tu, kwa sababu mawe ya redio yalikuwa yamechoka na alitaka yabaki na nguvu ya Jumamosi. Mwanzo ulikuwa safi. Akatoka nje anaruka kama kijana, akamshukuru mzee, na maiki ikarudi msikitini alasiri haijaingia. Mimi nikabaki na gitaa. Nikagusa uzi mnene.

"Mmmm."

Limekaa! Limenisikia! Nililibusu kwenye ufa.

Jumamosi Shangazi Hilda akashuka kwenye basi la asubuhi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, ambaye hata kicheko chake nilikuwa sikijui. Baba alimpokea kikapu, "Shikamoo dada," yeye akajibu, "Marahaba," na baada ya hapo walibaki kuulizana habari za mvua. Mama aliniambia baadaye kuwa tangu msiba ule ndugu hawa wawili walikuwa hawajakaa pamoja hata siku moja nzima. Kila mmoja alidhani mwenzake hataki kukumbushwa. Baada ya chakula Mzee Bakari naye akatokea, ati anapita tu, maiki imetuna mfukoni mwa kanzu.

"Dada," baba alisema, "kabla hujaliondoa, nimelirekodi. Nilitaka usikilize."

Tuliingia stoo wote, maana baba alisema kanda ile inapendeza zaidi pale ilipozaliwa. Akabonyeza. Sauti ikatoka redioni, ileile tamu, nzuri mno, nami nikachanganyikiwa, kwa sababu gitaa lilikuwa mapajani mwa baba na asubuhi lilikuwa limeniitikia vizuri. Nikadhani labda limegawanyika. Nilikuwa bado napiga hesabu ya nusu yake iko wapi, ndipo redio ikanong'ona:

"Usitoke."

Mama akashika ukuta.

"Usikubali. Kaa humohumo."

Mzee Bakari alisema, "Innalillahi," akapapasa mlango uko wapi. Baba alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Mawe yaliyochoka yalikuwa yameuburuta utepe, na mnong'ono wangu ukatoka mzito na wa kukokota, kama wa mwanamume mzima anayesema na watu kutoka mbali sana.

Ni shangazi peke yake aliyekaa bila kutikisika. Kisha uso wake ukakunjamana polepole.

"Lameki," alisema. "Kumbe hata huko hutaki."

"Dada, hataki nini?"

"Hataki niwe nalo." Alisimama, akajifunga kitenge upya. "Basi. Libaki hapa. Mkinisindikiza sasa, nitawahi gari la mchana."

Fikirieni nilivyosimama pale. Kila nilichokitaka kilikuwa kimetimia. Gitaa linabaki, zima, na sauti yake ndani. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza ni kitu ambacho hata mtoto wa miaka minane anakiweza akikazana. Lakini shangazi alikuwa analia bila kutoa sauti, machozi yanashuka anayaacha tu, na mimi sikuwahi kumwona mtu mkubwa akiachia machozi namna ile.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyegeuka.

"Ni mimi nilisema! Nilikuwa nyuma ya gunia. Nililiambia gitaa lisitoe sauti, baba asije akaikamua yote, shangazi akaenda na machicha!"

Baba alinitazama, akatazama gunia, akatazama maiki iliyokuwa mfukoni mwa mzee. Mzee Bakari ndiye aliyeelewa kwanza. "Kwa hiyo utamu uliusikia," alisema, "ukatupeleka nyuma kwa kusudi." Mkono wa mama ulikuwa tayari umefika kwenye sikio langu zima, unalisokota, shangazi alipoanza kutetemeka mabega. Nilidhani analia zaidi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia, akanivuta nikamwangukia kifuani, akawa anasema, "Machicha! Mama Agnesi, mwache mtoto. Machicha!"

Alipotulia, akanyoosha mkono kwa baba. "Lete hapa."

Baba akampa gitaa, akidhani anataka kulifunga. Shangazi alilikalisha mapajani, akakitupa kibanzi cha dumu sakafuni, akainamisha sikio, akazungusha vifungo viwili vya nyuzi. "Huo wimbo," alisema, "umekuwa ukiukosea miaka yote hii. Lameki naye alikuwa anaukosea. Nilimfundisha, hakusikia."

"Ulimfundisha wewe?" Baba alikaa chini kama amesukumwa.

"Gitaa lilikuwa langu kabla sijaolewa. Yeye alipiga barazani mkasikia. Mimi nilipiga jikoni. Aliona si vizuri, mke wa mwalimu mbele ya watu na gitaa. Sasa nimechoka kupiga kichwani."

"Na Festo?"

"Festo? Festo anapiga mpira."

Baba akaruka. Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa bidii kama siku ile. Alipanga kigoda, vitabu na kitenge, Mzee Bakari akatoa maiki, na safari hii mimi mwenyewe niliziba sikio, nikazunguka, nikaonyesha pale pa kweli. Wakaisogeza nyuma kidogo kwa sababu shangazi alidonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, bila kukwangua, na kila mdonoo ulitoka mviringo kama punje. Baba akazuia kuku na kupumua, akabonyeza.

Ulikuwa wimbo uleule na haukuwa uleule. Pale baba alipokuwa akikimbia, shangazi alisimama. Kulikuwa na sauti ya chini iliyotembea peke yake, kama mtu anayekuja kwa miguu, na baba hakuwahi kuigusa hata siku moja. Mama alijifuta macho kwa upande wa khanga.

Ulipokwisha, baba akarudisha utepe. Tukangoja. Redio ikasema, "Shhhhhh." Ikaendelea hivyo hivyo.

Alikuwa amebonyeza kitufe kimoja.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "rudia kidogo tu."

"Nirudie nini? Mimi si redio." Alikuwa tayari analifunga gitaa kwenye khanga. Lakini mlangoni alisimama, akamgeukia mdogo wake. "Ukiutaka, njia ya Chidya unaijua."

Wiki nzima nyumba yetu ilikuwa na vita. Baba aliimba wimbo ulivyokwenda, mama akasema si hivyo, akaimba wake, mimi nikaimba wangu, na Mzee Bakari akipita nje alituambia kuwa sisi sote tumekosea. Ijumaa iliyofuata baba akaweka redio kwenye kikapu, mawe mapya sita, maiki ya kanisa na leso, akapanda basi. Alirudi Jumapili jioni, kikapu kimefungwa vilevile kama alivyoondoka nacho.

"Umerekodi?" mama aliuliza hata kabla baba hajaketi.

Baba akanyoosha mkono wa kulia. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimevimba, vyekundu, ngozi imechubuka kwenye ncha.

"Nusu yake," alisema. "Nusu nyingine amesema likizo."